Sura ya Saba: Ndui Ikiingia Zizini

Kondoo wa Kisomali, yule mwenye kichwa cheusi na mwili mweupe, hana sufi. Ana manyoya mafupi na kitako kinene kilichojaa mafuta, akiba yake ya Jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Ameizoea Garissa, Wajir na Mandera kwa vizazi vingi, na sifa zake zilifika mbali. Katika karne ya 19 jamaa zake walifika Afrika Kusini, huko wakaitwa Blackhead Persian, na baadaye wakazalishwa na Dorset Horn wa Uingereza akapatikana Dorper. Leo Dorper huyo anauzwa Kenya kwa bei ya juu, na wapo wafugaji wa Kaskazini Mashariki wanaompandisha kwa majike yao ili wapate wana wenye nyama nyingi. Nasaba hii ina uzito katika habari ya sura hii, kwa sababu ndui ya kondoo haiwapigi wote sawa. Kondoo wa asili huugua, hukonda, na wengi wao hupona. Mwenye damu ya kigeni huumia zaidi. Mwanakondoo, awe wa damu yoyote, ndiye anayekufa.

Kwa kuwa haifagii kundi zima kwa juma moja, ndui imezoeleka. Wasomali huiita furuq, na si ajabu kumsikia mzee akisema ni furuq tu, itapita. Hupita kweli, lakini haipiti mikono mitupu. Huondoka na wanakondoo wa msimu, maziwa ya watoto, thamani ya ngozi na nusu ya bei mnadani. Ninaloamini, na ndilo nitakalolitetea katika kurasa hizi, ni kwamba ugonjwa huu unazuilika kwa mambo ambayo watu wa Garissa tayari wanayajua au wanaweza kuyapata. Yanachotaka ni kufanywa mapema, kabla ya vigaga, na kaunti ihakikishe kwamba mfugaji anayesema ukweli hapati hasara kumshinda anayeficha.

Ugonjwa hauanzi na vipele. Huanza na kondoo mmoja anayebaki nyuma wakati wenzake wanaelekea malishoni. Masikio yamelegea, macho yana tongotongo, pua inatoa kamasi jepesi ambalo baadaye huwa zito. Ukimgusa utahisi joto, nalo hupanda kupita nyuzi 40 za Selsiasi. Aliambukizwa kitambo: kwa kawaida siku 8 hadi 13 zimepita, na wakati mwingine zinafika 21, akiwa anakula na kucheua bila dalili yoyote. Baada ya siku kadhaa za homa, madoa mekundu hutokea mahali pasipo na manyoya, kisha yanainuka na kuwa vipele vigumu vya upana wa nusu sentimeta hadi sentimeta moja na nusu.

Kwenye kichwa cheusi madoa hayo hayaonekani kwa urahisi, na kitako chenye mafuta hufunika sehemu ile ile inayovamiwa kwanza. Kwa hiyo jicho peke yake halitoshi, mkono lazima ufanye kazi. Wakati mzuri ni jioni, wanakondoo wanapoachiwa mama zao, kundi likiwa limetulia ndani ya ua wa miiba. Mshike kondoo, mtu mmoja akimzuia shingoni. Inua kitako chake kwa mkono wa kushoto, kisha kwa vidole vya kulia, vikavu, pitisha taratibu kutoka kando ya njia ya haja kushuka hadi kwenye kiwele na kuzunguka chuchu. Ngozi ya hapo ikiwa nzima ni laini na inateleza. Ikiwa ndui imeingia, vidole vitakutana na vitu vigumu mithili ya punje za choroko zilizofichwa chini ya ngozi. Nenda kinenani, nenda kwapani, halafu ubonyeze mbele ya bega, ambako tezi ya kondoo mzima ni ndogo lakini ya mgonjwa huvimba ukaishika bila kuitafuta. Malizia kwa midomo, kope na ndani ya pua. Kazi yote haifiki dakika mbili kwa kondoo mmoja, na hakuna kifaa cha kununua.

Vipele hivyo baadaye hufa katikati na kuwa vigaga vyeusi, vikavu, vilivyong'ang'ania. Kupona huchukua wiki kadhaa, hadi sita, na makovu hubaki. Mchuna ngozi huyaona makovu hayo na kuishusha ngozi daraja hata kama kondoo alipona mwaka uliopita. Yote hayo ni ya nje. Ndani, vipele vile vile huota kwenye mapafu, na kondoo anayehema kwa shida, shingo ameinyoosha, huenda anakufa kwa ndui ambayo ngozi yake haikuionyesha vizuri.

Kuna kifo kingine ambacho hakiandikwi kwa jina lake. Jike mwenye vipele kwenye chuchu humpiga teke mwanawe anapotaka kunyonya, kwa sababu anaumia. Kiwele hujaa, kinavimba, kinaingia usaha. Mwanakondoo hulia siku mbili, hunyamaza, na asubuhi ya tatu anakutwa amekufa. Mchungaji atasema alikufa kwa njaa, na kwa macho yake ni kweli. Akina mama, ambao katika nyumba nyingi za wafugaji ndio wanaokaa karibu zaidi na mbuzi na kondoo wadogo, huligundua jambo hili kabla ya mtu mwingine yeyote. Daktari wa mifugo anayefika bomani na kuzungumza na mzee peke yake, kisha akaondoka, ameacha nusu ya taarifa jikoni.

Si kila kipele ni ndui, na kukosea hapa kunagharimu. Upele unaosababishwa na utitiri humfanya kondoo ajikune mchana kutwa kwenye magogo, ngozi yake inakuwa nene na manyoya yananyonyoka. Huo unatibika kwa sindano ya ivermektini, ambayo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Magamba kwenye midomo na fizi za wanakondoo, yasiyo na vipele chini ya mkia, mara nyingi ni ugonjwa uitwao orfu. Nao husababishwa na kirusi, na humwambukiza binadamu: anayewanywesha wanakondoo kwa mkono avae glavu, la sivyo atapata kidonda kibaya kidoleni. Ndui ya kondoo haimwambukizi binadamu, na hili lisemwe kwa sauti, kwa kuwa hofu isiyo na msingi huwafanya watu wamwage maziwa na kuficha wagonjwa. Halafu kuna sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Kenya tangu 2006 na 2007 ikianzia upande wa Turkana. Hiyo huleta vidonda mdomoni, macho yenye usaha, kikohozi na kuhara kukali, na huua wengi kwa muda mfupi. Ukiona kuhara, usiseme ndui. Na kwa kuwa magonjwa haya yanaweza kulikuta kundi moja kwa wakati mmoja, jibu la uhakika hutoka maabara. Garissa ina maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo inayohudumia eneo hilo, na kigaga kilichobanduliwa, kikafungwa vizuri na kuwekwa kwenye barafu, kinatosha kuanzia.

Kirusi chenyewe kina ndugu wawili wa karibu, ndui ya mbuzi na ugonjwa wa mapele ya ngozi ya ng'ombe. Katika nchi nyingi kila kimoja hushikamana na mnyama wake. Kenya mambo hayako hivyo. Ugonjwa wa mapele ya ng'ombe ulipoonekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1957, ulihusishwa na kondoo waliokuwa na ndui katika shamba lile lile. Mwaka 1976 mtafiti F. G. Davies alichapisha maelezo ya kirusi cha Kenya kinachowaambukiza kondoo na mbuzi pia. Miaka mingi baadaye, uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba kirusi maarufu cha chanjo kilichotolewa kwa kondoo wa Kenya, na kutumika katika nchi kadhaa kuwakinga kondoo na mbuzi, kwa asili yake ni kile cha ng'ombe. Kwa mwanasayansi hayo ni mambo ya kusisimua. Kwa mfugaji maana yake ni ya kazi: usiwatenge kondoo ukawaacha mbuzi, na usiwachanje hawa ukawasahau wale. Wote wanalala zizi moja, wanakohoa hewa moja.

Kukohoa huko ndiko njia kuu. Kirusi hutoka na mate, kamasi na machozi, na huingia kwa pumzi wanyama wanapobanana. Nzi wanaouma hukibeba kwa miguu na midomo yao. Vigaga vinavyoanguka ndivyo hatari inayodumu, maana kirusi kilichojificha ndani ya kigaga, kwenye kivuli cha zizi, kinaweza kukaa hadi miezi sita kikiwa hai. Jua kali hukiua, kivuli hukilinda.

Hapa kuhamahama, ambako serikali za kila zama zimekulaumu, kunastahili heshima yake. Familia inayohamisha boma kila baada ya wiki chache inaacha vigaga nyuma yake, na jua la kiangazi linafanya kazi ambayo dawa ingegharimu maelfu ya shilingi. Mwenye ndui anayehama akajenga ua mpya wa miiba, asirudi kwenye zizi la zamani hadi msimu mzima upite, ametumia njia bora kuliko nyingi zilizoandikwa vitabuni. Taabu iko kwa waliotulia. Ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya, ulisukuma familia nyingi kandokando ya miji na barabara. Katika bula, yaani vitongoji, za mji wa Garissa, na katika makazi yanayozizunguka kambi za Dadaab, kondoo kumi wanalala kwenye kizizi cha mabati kile kile mwaka hadi mwaka, na jirani ana kumi wengine ng'ambo ya ukuta. Huko hakuna pa kuhamia. Huko lazima samadi ikwanguliwe, vigaga vichomwe, paa lifunguliwe jua liingie, na sakafu imwagiwe dawa ya klorini baada ya kufagiwa, kwa sababu dawa haipenyi ndani ya samadi.

Njia nyingine ya ndui ni ukarimu. Mtu aliyepoteza kundi lake kwa ukame huchangiwa na jamaa: huyu anatoa majike mawili, yule mmoja, binamu wa Balambala watatu, shemeji wa Modogashe wawili. Zaka nayo hutembea kwa miguu minne, kondoo mmoja kwa kila mwenye 40 hadi 120, na fikihi inataka asiwe na kasoro. Ni utaratibu ulioziokoa familia kwa karne nyingi na sitaki mtu auguse. Lakini kundi lililokusanywa kutoka maboma saba ni kundi lililokusanya pia magonjwa ya maboma saba. Jamaa wanafanya hivyo kwa mapenzi na kwa kiasi kidogo. Miradi ya misaada inayowarudishia watu mifugo hufanya hivyo kwa mamia, na ikinunua wanyama mnadani asubuhi na kuwagawa jioni, bila chanjo na bila kuwatenga, imeugawa ugonjwa. Mradi wenye pesa za malori na mabango hauna udhuru wa kukosa wiki tatu za kuwatenga.

Mnada wa mifugo wa Garissa ni miongoni mwa iliyo mikubwa zaidi Afrika Mashariki. Wanyama hufika kutoka Ijara, Fafi, Lagdera, Wajir na ng'ambo ya mpaka wa Somalia, wakakaa ubavu kwa ubavu chini ya jua, wakanywa hori moja, na jioni malori yakavuka daraja la Tana kuelekea Mwingi, Thika na Nairobi. Wasiouzwa hurudi nyumbani. Hao wanaorudi ndio wa kuogopwa, kuliko waliopelekwa machinjioni Kiamaiko, Nairobi. Mfugaji aliyekataa bei ya dalali na kurudi na kondoo wake watano anafikiri amerudi na kondoo watano tu.

Dawa ya kukiua kirusi cha ndui haipo. Anayeuziwa chupa kwa ahadi hiyo kwenye duka la barabarani anaibiwa. Kilichopo ni matunzo, na matunzo yanaokoa wengi. Oksitetrasaiklini, kwa kipimo na maelekezo ya mtaalamu, huzuia bakteria wasiingie kwenye vidonda na mapafu. Wakati inatumika, nyama na maziwa ya mnyama huyo hayaliwi wala kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Vidonda vioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na dawa ya kufukuza nzi ipakwe kando yake. Macho yaliyogandamana yasafishwe asubuhi, kwa sababu kondoo asiyeona hafuati wenzake malishoni. Wanaohema kwa shida wabaki bomani kwenye kivuli, waletewe maji na majani laini. Na yule mwanakondoo aliyepigwa teke anyonyeshwe kwa chupa maziwa ya mbuzi mzima mara kadhaa kwa siku hadi kiwele cha mamake kipone. Hiyo ni kazi ya watoto na akina mama, na hapo ndipo wanakondoo wengi huokolewa kuliko kwenye sindano.

Kutenga ndiko kunakouma. Kwa nchi za Ulaya jambo ni rahisi kwa upande mmoja na katili kwa upande mwingine. Uingereza haijaona ndui ya kondoo tangu 1866. Uhispania ilipovamiwa 2022, baada ya zaidi ya nusu karne bila ugonjwa huo, makundi yaliyoambukizwa yalichinjwa yote. Ugiriki, katika mlipuko ulioanza 2024, imeua kondoo kwa mamia ya maelfu. Huko wafugaji hulipwa fidia, na hata hivyo wameandamana na kulia. Nani atamwambia mama wa Hulugho achinje kondoo wake 30 kwa sababu wanne wana vipele, na hakuna atakayemlipa? Njia hiyo si ya kwetu. Ya kwetu ni kutenga, na maelekezo ya kimataifa yanataka kundi lililougua libaki peke yake angalau siku 45 baada ya wote kupona. Kwa kondoo mgeni anayeingia, siku 21 zinatosha kumfichua anayeugulia ndani kwa ndani.

Siku 45 kwa mtu anayekitegemea kisima kimoja ni nyingi. Ila zinawezekana kama majirani wakikubaliana zamu: kundi lenye ndui linywe mwisho, jua likiwa kali, wenzake wakishaondoka, na hori limwagwe na kuachwa likauke. Jambo hili si geni kwa Waislamu wa nchi hii. Katika hadithi sahihi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa wenye ngamia wazima. Nimeona inafaa kulitaja kwa sababu imamu akilisema Ijumaa moja kabla ya mvua, litasikika mbali kuliko tangazo la wizara.

Kinga ya kweli ni chanjo. Ipo, inatengenezwa Kenya na shirika la serikali la KEVEVAPI lililoanzishwa 1990, na kwa kawaida hutolewa mara moja kwa mwaka. Ni chanjo hai: ndani ya kichupa mna kirusi kilichodhoofishwa, na kikifa njiani sindano inayochomwa ni maji tu. Kabla ya kuchanganywa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishachanganywa itumike kwa saa chache, ikiwa kwenye barafu, mbali na jua. Sindano isioshwe kwa spiriti, maana spiriti inayobaki ndani inaua chanjo. Ichemshwe, au itumike mpya. Na isitoke boma moja kwenda jingine: sindano moja iliyopita kwenye kondoo anayeugulia kimya kimya inaweza kusambaza ndui siku ile ile watu wanadhani wameizuia, kisha chanjo ikalaumiwa. Mwanakondoo wa mama aliyechanjwa au aliyewahi kuugua ana kinga aliyoinyonya, na kinga hiyo huipinga chanjo, kwa hiyo wachanjaji humsubiri akue miezi kadhaa.

Sasa chukua masharti hayo uyapeleke Liboi mwezi wa Februari. Barafu imeyeyuka kabla ya saa nne asubuhi. Kundi lililotarajiwa limehamia kilomita 40 kufuata majani. Mafuta ya gari yameisha. Ndiyo sababu ratiba ya chanjo inayopangwa ofisini kwa kufuata mwaka wa fedha hushindwa. Wakati unaofaa ni wakati kundi limetulia na lina afya, kabla ya mvua za Deyr za Oktoba na kabla ya misafara mikubwa ya kuuza mifugo kwa ajili ya Idd el-Adha. Wachanjaji nao watoke huko huko, vijana na akina mama waliofunzwa, wanaojua kundi la nani liko wapi wiki hii.

Hili si ndoto. Kaskazini Mashariki ya Kenya na kusini mwa Somalia ndiko sotoka ya ng'ombe, iliyoangamiza mifugo ya Afrika tangu mwisho wa karne ya 19, ilikojificha mwisho kabisa duniani. Dalili zake za mwisho zilionekana kwa nyati wa mbuga ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba imetoweka. Chanjo inayostahimili joto na wahudumu wa afya ya mifugo kutoka jamii za wafugaji vilikuwa na mchango mkubwa katika ushindi huo. Hata ndui ya binadamu, mgonjwa wake wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin wa Merca, mpishi wa hospitali, Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akafanya kampeni ya chanjo ya polio hadi kufa kwake mwaka 2013. Wala kuchanja hakukuletwa na wageni: mwaka 1951 R. G. Mares aliandika katika jarida la madaktari wa mifugo jinsi Wasomali walivyokuwa wakiwachanja ng'ombe wao dhidi ya homa ya mapafu kwa mbinu yao wenyewe. Watu hawa wanajua chanjo ni nini. Wanachokosa ni chanjo yenyewe kufika ikiwa hai.

Bado kuna swali la ukimya. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364 ya Sheria za Kenya, inamtaka mwenye mnyama mgonjwa amtenge na kutoa taarifa, na ndui ya kondoo ni mojawapo ya magonjwa yanayolazimu taarifa. Kwa nini basi wengi hunyamaza? Jibu liko katika kumbukumbu. Mwisho wa 2006 homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa Garissa, na kabla ya kwisha mwaka uliofuata zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini. Minada ilifungwa, uchinjaji ukapigwa marufuku, na familia zilizokuwa na mamia ya mifugo zikakosa unga. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2000, Saudi Arabia ilikuwa imefunga milango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika kwa karibu miaka tisa kwa sababu ya homa hiyo hiyo. Hatua zile zilikuwa na sababu nzito, maana watu walikuwa wakifa. Ila funzo lililobaki bomani ni kwamba ukimwita daktari, soko linafungwa.

Ndui ya kondoo haihitaji hatua za ukubwa huo. Haiui watu. Kufunga mnada mzima wa Garissa kwa sababu ya boma moja lenye vipele ni kuwafundisha wafugaji wote kuficha mwaka ujao. Karantini iwe ya boma na kisima chake, si ya kaunti ndogo nzima. Waliolizunguka wachanjwe bure ndani ya siku chache, na aliyetoa taarifa awe wa kwanza kuhudumiwa: dawa za vidonda, chakula cha mifugo ikiwa kundi lake haliwezi kwenda mbali, na kibali cha kusafirisha siku zake za kutengwa zikiisha, bila kuzungushwa. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti. Gharama ya hayo ni ndogo ikilinganishwa na kununua kondoo wapya kwa fedha za msaada kila baada ya ukame.

Kwa hiyo ombi langu kwa mabunge ya kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ni moja: fedha za chanjo ya mbuzi na kondoo zitoke kabla ya Septemba kila mwaka, zikiwa na fungu la barafu, mafuta na posho za wachanjaji wa vijijini. Na wewe unayenunua kondoo wiki hii, wa kufuga au wa kumchangia ndugu, inua kitako chake na upitishe vidole kabla hujatoa pesa. Ukikuta vipele mwache alipo, mwambie mwenye kondoo, na mpigieni simu afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.